UZI: Filamu yako fupi ipeleke kibanda umiza kabla hujaituma kwenye tamasha lolote

#1. Mtu wa sauti (mleta uzi), Dar es Salaam

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni mtu wa sauti. Kwa miaka kadhaa nimeshika boom, ule mti mrefu wa maiki, na kuwavalisha watu maiki kwenye filamu fupi za vijana wa hapa Dar, nyingi kwa malipo ya nauli na sahani ya wali. Sijutii hata moja. Ila kuna jambo limenikaa rohoni, na leo nimeamua kuliandika kwa sababu kila mwaka naona tunarudia kosa lile lile.

Hizi filamu zinakwenda wapi? Tukimaliza kupiga picha, muongozaji na mhariri wanajifungia wiki tatu. Wanaitazama wao wawili, kisha wanaita marafiki watano waitazame kwenye laptop, wote watu wa fani. Halafu inatumwa kwenye matamasha: Zanzibar, Durban, Ouagadougou, Clermont-Ferrand. Ikikubaliwa tunashangilia na mtu mmoja anapata tiketi. Ikikataliwa inalala kwenye hadidisk. Yule mama aliyetuazima nyumba yake siku mbili, akahamisha hadi kitanda ili kamera ipate nafasi, hajawahi kuiona.

Mwaka juzi na mimi niliongoza ya kwangu, dakika 11. Ni habari ya mtoto wa kike anayetumwa dukani jioni na daftari la madeni, na mama yake amemwambia asirudi bila unga. Mwenye duka naye ameapa kwamba deni la nyumba ile haliongezeki hata shilingi. Hakuna kingine. Tulipiga Mbagala kwa siku mbili, waigizaji watatu, kamera ya kuazima. Bajeti yote haikufika laki sita, na zaidi ya nusu yake ilikuwa chakula na usafiri.

Nilimaliza nikiamini ni nzuri. Mwisho niliuacha kwenye uso wa mtoto: amesimama njia panda, daftari kalibana kifuani, anaangalia upande wa nyumbani. Kimya. Kisha giza. Wenzangu wote waliusifu mwisho ule.

Jirani yangu ana kibanda umiza. Mabenchi, televisheni moja kubwa, spika mbili zimefungwa kwa waya kwenye nguzo, kiingilio shilingi 500 siku ya mechi. Nilimpa elfu ishirini anipe dakika 11 kati ya mechi ya jioni na mechi ya usiku. Kulikuwa na watu kama sitini, wengi vijana, wazee wachache, na watoto wamejaa dirishani.

Kilichoniumiza kwanza ni kazi yangu mwenyewe. Nilichanganya sauti nimevaa hedifoni, usiku, chumba kimefungwa. Kuna mahali mama anamnong'oneza mtoto, na mnong'ono ule ndio umebeba hadithi nzima. Kwenye spika za pale ukapotea wote. Nikasikia kutoka benchi la nyuma: "Anasemaje?" Jirani yake akamjibu kwa kubuni, akabuni vibaya, na kuanzia hapo nusu ya banda wakawa wanatazama filamu nyingine.

Kisha ikaisha. Watu wakakaa kidogo. Kijana mmoja akauliza, "Part two iko wapi?" Wengine wakaitikia, part two, part two. Hawakuwa wakinikejeli. Miaka yote tumewauzia Bongo Movie kwenye DVD mbili, ya kwanza inakatwa pale moyo unapodunda ili ununue ya pili. Kwao filamu iliyokatika ni filamu iliyokatwa.

Nikajifariji kwamba watazamaji hawajazoea. Nilipotoka nje mzee mmoja muuza mkaa akanisimamisha. "Huyo mtoto unga kapata, hakupata?" Nikamwambia, mzee wangu, filamu inamwachia mtazamaji aamue mwenyewe. Akanitazama, akasema, "Sikuulizi uniambie. Nakuuliza wewe kama unajua."

Sikuwa najua, wakuu. Niliandika ile skripti, nikaipiga, nikaihariri, na sikujua kama yule mtoto alipata unga. Nilichoita mwisho wa wazi ulikuwa ni mimi kushindwa kuamua. Sikulala usiku ule.

Kesho yake nilikwenda dukani na rekoda. Nikarekodi kopo la kuchotea unga likigonga sahani ya mizani, mara ishirini na zaidi, mpaka nikaipata. Picha ya mwisho sikuibadilisha: mtoto njia panda, anaangalia nyumbani. Ila sasa nyuma yake inasikika sauti ya kopo na mizani. Anageuka. Giza. Nimeongeza sekunde nne tu. Mnong'ono wa mama nikaurudia upya, nikauchanganya kupitia spika ya redio mbovu ili nisikie kile ambacho banda litasikia.

Baada ya wiki mbili nikarudi pale pale. Hakuna aliyeuliza part two. Mama mmoja aliyekuja kumfuata mwanawe dirishani alisema, "Mungu ambariki yule Mangi," yaani mwenye duka, akaondoka.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Filamu fupi si kipande cha filamu ndefu, wala si trela ya kuombea pesa. Ina mwanzo na mwisho wake, na mwisho wake lazima ufike kwa mtu aliyekaa kwenye benchi akiwa na njaa, anasubiri mechi. Ousmane Sembène, muongozaji wa Senegal, alipotengeneza Borom Sarret mwaka 1963 alimfuata mtu mmoja wa mkokoteni pale Dakar kwa siku moja tu. Filamu ina dakika kama 20. Picha zilipigwa bila sauti, sauti ikawekwa baadaye, na hakuna anayetoka pale akiuliza sehemu ya pili, kwa sababu ile siku imeisha na mkokoteni hana tena. Hapa kwetu Amil Shivji alipiga Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014 kabla hajaingia kwenye filamu ndefu. Mwaka 2021 filamu yake ndefu Vuta N'Kuvute, iliyotoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Mtu anajifunza kumaliza jambo dogo kwanza.

Naomba maoni yenu, hasa mliowahi kuonyesha kazi zenu nje ya kumbi za fani. Na kama kuna mwenye kibanda humu, naomba sana aseme neno.

#2. Mdau, Nairobi

Asante kwa uzi huu, ndugu. Hilo swali la mzee wa mkaa nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza yangu ya kuhariri.

Huku kwetu tunayo mazoea ya DJ Afro, mtu anasimulia filamu ya kigeni juu ya picha na mtaa mzima unamfuata yeye kuliko mwigizaji. Nyinyi mlikuwa na Lufufu, naye msimuliaji wa filamu. Nafikiri hiyo ndiyo sababu yule jamaa wa benchi la nyuma alimjibu mwenzake. Amezoea kwamba kwenye banda lazima awepo mtu wa kueleza. Ukinyamaza, atakueleza mwenyewe.

Lakini kuna jambo nataka kuongeza juu ya matamasha. Filamu fupi mbili zenye hadithi za ukanda wetu zilifika kwenye orodha ya mwisho ya Oscar: Na Wewe, iliyowekwa Burundi ya mwaka 1994, na Watu Wote, kuhusu basi lililoshambuliwa karibu na Mandera Desemba 2015. Ya kwanza iliongozwa na Mbelgiji, ya pili na mwanafunzi wa Ujerumani. Sisemi ni mbaya. Watu Wote ina waigizaji wetu na mafundi wetu, na kitendo cha wale abiria Waislamu kuwakinga wenzao Wakristo kilistahili kusimuliwa. Ila tazama: zote mbili ni gari la abiria lililosimamishwa na watu wenye bunduki. Mwandishi kijana akiziangalia hizo anahitimisha kwamba dunia inataka tupande basi na tushushwe kwa mtutu. Hadithi yako ya unga ataiona ndogo.

Sio lazima iwe hivyo. Samuel Ishimwe wa Rwanda alipata tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la Berlin mwaka 2018 kwa Imfura, filamu ya kijana na kijiji cha mama yake na mvutano wa familia juu ya nyumba. Wanuri Kahiu na Pumzi, mwaka 2009, alitupeleka kwenye wakati ujao ambapo maji yameisha juu ya ardhi. Hao walianza na kitu walichokijua au walichokiogopa wenyewe.

Swali langu moja: matamasha mengi makubwa yanataka filamu ambayo haijaonekana. Banda halitakuharibia?

#3. Mdau, Chake Chake

Asalaam alaykum.

Mie nilikuwa mdogo, ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, walikuwa wakileta maonesho mpaka vijijini, Unguja na Pemba. Kitambaa cheupe kinafungwa kwenye uwanja wa skuli, watu wanatandika mikeka, akina mama huku, akina baba kule, watoto mbele kabisa. Filamu ya kwanza kuiona na watu wengi niliiona hapo. Sikumbuki jina lake. Nakumbuka bibi yangu akiongea na yule mtu kwenye pazia, akimkanya kabisa.

Kaka, nakuunga mkono lakini kuna kitu hukukiona. Kibanda umiza ni pahala pa wanaume. Filamu yako ni ya mama na mtoto wa kike na unga. Umeuliza watu sitini, na mama aliyeiona ni mmoja tu, naye alikuja kumfuata mwanawe. Huko ndani mie siingii, mama yangu haingii, dada zangu hawaingii. Basi mtazamaji wako mwenyewe bado hujampata.

Itoe uani. Mkeka, ukuta, shuka. Halafu urudi utuambie.

#4. Produsa, Sinza

Naheshimu hisia za mleta uzi, ila nisaidie kuweka mambo mawili sawa, kwa sababu vijana wanasoma hapa.

Kwanza kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976 na bado inasimama. Kutengeneza kunahitaji kibali, kuonyesha hadharani kunahitaji filamu iwe imekaguliwa na Bodi ya Filamu. Dakika 11 au dakika 110, hadhara ni hadhara. Msiende kwenye mabanda na fleshi mkononi, kesho mkaambiwa mmevunja sheria. Na kabla ya hapo andikisheni kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, maana banda lina simu sitini, na simu moja ikirekodi, filamu yako iko kwenye magrupu kabla hujafika nyumbani.

Pili pesa. Mwaka 2023 Netflix na UNESCO walitoa filamu fupi sita za hadithi za kale za Afrika. Kila moja ilipewa dola 75,000 za kutengenezea, na muongozaji akapata zake 25,000 pembeni. Tanzania tuliwakilishwa na Walt Mzengi Corey na Katope. Nendeni mkaitazame muone picha inavyokuwa watu wakilipwa, wakilala, wakila. Laki sita ni mapenzi, sawa. Ila msiwafundishe vijana kwamba kazi nzuri inatokana na kutolipana.

#5. Mwalimu, Korogwe

Niongeze kipande cha historia ambacho watu wa hapa Korogwe wenyewe wengi hawakijui. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliweka kituo cha filamu Vugiri, huku juu milimani. Zilitengenezwa filamu fupi 35, zikapakiwa kwenye lori na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland (Malawi ya leo). Maelezo yalikuwa kwenye santuri ili lugha ibadilishwe kulingana na mahali. Zilikuwa za kumfundisha Mwafrika namna ya kulima, kuweka akiba, kutibu minyoo. Waigizaji walikuwa watu wetu, uamuzi haukuwa wetu.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu, mmoja aliuliza kama watazamaji waliwahi kuulizwa walionaje. Waliulizwa, ripoti ziliandikwa. Lakini kuulizwa ili ufundishwe vizuri zaidi si sawa na alichofanya mzee wa mkaa. Yeye ndiye aliyeuliza.

#6. Mtu wa sauti (mleta uzi), Dar es Salaam

Nimechelewa kujibu, zimepita siku nane. Kuna sababu.

Produsa, uko sahihi kwenye yote mawili. Kibali ninacho na filamu ilikaguliwa, nilipaswa kusema mwanzo. Kuhusu pesa, sikutaka kusifia umaskini. Waigizaji wangu watatu niliwalipa kidogo sana na wanajua kwamba naona aibu. Simu nimeziona pia, vijana wawili walirekodi. Nikaamua nitakula hasara hiyo.

Ndugu wa Nairobi, mimi naonyesha toleo ambalo halijakamilika, bila kulitangaza na bila kuliweka mtandaoni. Masharti ya kila tamasha yasomwe moja moja, kwa sababu hayafanani. Kama lipo litakalonikataa kwa sababu majirani zangu wameiona, basi hilo sitalituma.

Dada wa Chake Chake, nilikusikia. Jumapili iliyopita nilitandika mikeka uani kwa yule mama aliyetuazima nyumba. Nikaazima projekta, tukafunga shuka ukutani, na walikuja akina mama kama ishirini na watoto wao. Mwenye nyumba alikaa mbele. Alipoona chumba chake kwenye shuka alishika mdomo.

Filamu ikaisha, wakanyamaza, nikafurahi. Kisha mama mmoja anayeuza vitumbua akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, hilo daftari mbona analo mtoto?" Sikumwelewa. Akasema, "Daftari la deni hukaa dukani. Mteja akikaa nalo si atafuta deni?" Wote wakacheka, wakakubali. Mwingine akaongeza kwamba ndiyo maana kukopa kunauma: unasimama pale, watu wote wapo, na mwenye duka analivuta kutoka chini ya meza, analamba kidole, anafungua ukurasa wako mbele ya macho yao.

Wakuu, nilikuwa na mtoto anatembea na daftari dakika 11. Watu sitini wa banda hawakuona, wenzangu wa fani hawakuona, na mimi mwenyewe sikuona. Aibu halisi ya ile hadithi ilikuwa chini ya meza ya duka na kamera yangu ilikuwa upande wa pili.

Nataka nipige tena sehemu ya dukani. Tatizo ni moja: ni miaka miwili sasa. Yule mtoto amerefuka, sura imebadilika, na picha nyingine zote anaonekana mdogo. Na mikononi ana daftari karibu kila mahali. Nipeni mawazo.

#7. Mwenye kibanda, Mwanza

Uliomba mwenye kibanda aseme, nimesoma uzi wote.

Mimi sina shida na filamu fupi. Ukija kwangu na filamu ya saa mbili nitakukatalia, kwa sababu huo ni muda wa mechi nzima na mechi ndiyo inalipa umeme. Ukiniambia dakika 11 nakupa bure. Kati ya mechi na mechi watu wanatoka nje kununua karanga na wengine hawarudi. Kitu cha dakika 11 kinawabakiza ndani. Ila niletee iwe na sauti iliyonyooka, isipande ghafla ikanipasulia spika, na isiwe imejaa giza, maana televisheni yangu giza halionyeshi kitu, inakuwa kama imezimika na watu wanaanza kupiga miluzi.

Kuhusu mtoto wako, mimi si fundi wa filamu ila natazama kila siku. Iweke kamera nyuma ya meza ya duka, chini, alipo mwenye duka. Tuone mikono yake inavuta daftari, analamba kidole, anafungua. Mtoto tumsikie tu akiongea kutoka upande wa pili wa dirisha, kule juu. Kimo chake hakitaonekana.

Na lile analotembea nalo usilihangaikie. Lifanye liwe daftari lake la shule. Mtoto anayetumwa jioni huwa nalo.

#8. Mtu wa sauti (mleta uzi), Dar es Salaam

Mkuu wa Mwanza, nimeisoma mara tatu. Daftari la shule. Kuna picha moja tu ambapo linaonekana limeandikwa majina ya madeni, sekunde mbili, naweza kuikata.

Nimempigia mama yake yule mtoto, amekubali. Sauti yake imekuwa nzito kidogo lakini akinong'ona haisikiki tofauti, nimemjaribu kwa simu. Mwenye duka ametupa Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili, wateja wakija tunasimama. Nahitaji mtu mmoja wa taa na mmoja wa kushika boom, kwa sababu safari hii nataka mimi nikae na kamera. Nauli ipo, chakula kipo, na malipo nitawaambia kabla ya siku hiyo, kiasi kinachojulikana. Aliye Mbagala au Temeke aniandikie pembeni.